Taita Taveta, Nchi ya "Kuliko Zote"

Mlima mrefu kuliko yote barani Afrika uliingia katika vitabu vya Ulaya kupitia njia ya Taita. Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai kwa miguu, aliona mbele yake kilele cheupe, akaandika kwamba weupe ule ni theluji. Nyika hii haikuwa ngeni kabisa kwake, kwa kuwa mwaka uliotangulia alikuwa amefika Kadiaro, mlima tunaouita leo Kasigau. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia ya kwenda Uchagga tangu zamani. Kule London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alizisoma habari hizo akazikanusha. Theluji karibu na ikweta haiwezekani, alisema, na aliendelea kusema hivyo kwa miaka, kwa hoja zilizopangwa kwa ustadi, huku Wachagga wakiamka kila asubuhi na kuitazama. Baron Carl Claus von der Decken alipanda sehemu ya mlima huo mwanzoni mwa miaka ya 1860, akarudi na ushahidi uliowatosha watu wengine wote.

Naanza na kisa hicho kwa sababu Taita Taveta ni kaunti inayojulikana zaidi vitabuni kuliko kwa macho. Wengi hupita Voi usiku ndani ya basi la Mombasa, wamelala. Wanachokijua ni kile walichokisoma: simba wa Tsavo, vita vya 1914, tembo yatima, mawe ya kijani. Na waandishi wa habari hizo hupenda mno kusema "kuliko": kubwa kuliko, ndefu kuliko, ya kwanza kabla ya zote. Mwenye likizo na begi la vitabu anaweza kuzifuata rekodi hizo kutoka Voi hadi Taveta, na ningemshauri afanye hivyo. Ila kila afikapo mahali aulize ni nani aliyepima, na alipima nini.

Anayeshuka Voi kutoka treni ya SGR, iliyozinduliwa mwaka 2017, amekwisha kupita katikati ya rekodi ya kwanza. Tsavo Mashariki ina kilomita za mraba 13,747, na Tsavo Magharibi 9,065. Kwa pamoja ndilo eneo kubwa kuliko yote la hifadhi za taifa nchini Kenya, ukubwa unaokaribia nchi nzima ya Djibouti. Zilitangazwa Aprili 1948 zikiwa mbuga moja, kisha zikagawanywa kwa urahisi wa usimamizi. Sehemu ya Tsavo iko katika kaunti za jirani, lakini hata hivyo asilimia 62 hivi ya ardhi ya Taita Taveta ni mbuga. Takwimu hii ya pili ni nadra kuiona katika vipeperushi vya watalii. Wakazi 340,671 waliohesabiwa katika sensa ya 2019 wanaishi kwenye kilichobaki, nacho kimegawanywa tena baina ya ranchi, vilima, na mashamba ya mkonge ya Mwatate, ambayo ni miongoni mwa makubwa kabisa Afrika Mashariki. Mwatate yenyewe ndiyo makao makuu ya kaunti, ingawa Voi ndio mji mkubwa kuliko yote. Ukitaka kujua ilikuwaje, uliza ndani ya matatu ya kwenda Wundanyi na uwe na muda wa kusikiliza.

Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilipata tembo 14,964 katika eneo la Tsavo, kati ya 36,280 wa nchi nzima. Hakuna mahali pengine Kenya penye tembo wengi hivyo. Kwa mgeni mwenye kamera hiyo ni habari njema. Kwa mkulima wa Sagalla, kilima kilicho juu ya Voi, ni usiku wa kukesha na madebe. Ni huko Sagalla ambako shirika la Save the Elephants limekuwa likijaribu uzio wa nyuki. Mizinga hutundikwa kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akiugusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka kwa hasira, na tembo, pamoja na unene wote wa ngozi yake, huona heri aende zake. Mkulima hubaki na mahindi yake, na asali juu.

Habari za pembe ni za huzuni zaidi. Tsavo ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako bado hutembea madume wenye pembe za kilo 45 au zaidi kila moja. Satao, aliyekuwa maarufu kuliko wote, aliuawa na majangili mwaka 2014 kwa mshale wa sumu ndani ya Tsavo Mashariki. Pembe nzito kuliko zote zilizowahi kurekodiwa nazo zilitoka jirani. Inasimuliwa kwamba tembo mwenyewe aliuawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898, pembe zikauzwa Unguja, na leo ziko katika jumba la makumbusho la historia asilia la London. Zote mbili zilikuwa na uzito wa karibu kilo 200. Rekodi ya pembe ilihitaji tembo aliyekufa. Ndiyo maana napendelea ile ya Daphne Sheldrick, aliyeishi Voi na mumewe David, msimamizi wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Baada ya miaka ya kujaribu na kupoteza, alipata mchanganyiko wa maziwa unaoweza kumlea mtoto wa tembo aliyetoka kuzaliwa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amefaulu kulifanya. Kumbukumbu zake, Love, Life and Elephants, zilitoka mwaka 2012, na ni kitabu cha kusomwa kwenye veranda ya Voi jua likiwa kali mno kwa kutoka nje.

Lakini rekodi iliyolitangaza jina la Tsavo duniani ni ya mauti. Kati ya Machi na Desemba 1898 simba dume wawili wasio na manyoya ya shingo waliwavamia wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli juu ya mto Tsavo, kaskazini ya Voi. John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi huo, alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29, na mwaka 1907 akachapisha The Man-Eaters of Tsavo. Kitabu kinasisimua, hilo halina ubishi. Patterson anajua kumfanya msomaji asikie pumzi ya simba nje ya hema. Wa kwanza, anasema, alikuwa na urefu wa karibu mita tatu kutoka pua hadi ncha ya mkia, na walihitajika wanaume wanane kumbeba hadi kambini.

Walikula watu wangapi? Katika kitabu cha 1907 Patterson anataja Wahindi 28, kisha anaongeza kwamba Waafrika waliouawa walikuwa wengi lakini hesabu yao rasmi haikuwekwa. Baadaye, ngozi na mafuvu yalipokuwa yamekwisha kununuliwa na Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000, idadi katika maandishi yake ilikuwa imepanda hadi 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima kemikali zilizomo katika mifupa na nywele za simba hao, wakakadiria kwamba walikula watu 35 hivi, mmoja akila zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Utafiti mwingine wa mwaka 2024 ulichokoa nywele zilizokwama katika mashimo ya meno yaliyovunjika, ukakuta twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia, na binadamu. Mmoja wa simba alikuwa na jino lenye jipu, na wapo wanaoamini kwamba maumivu hayo ndiyo yaliyomfanya aache windo lenye mbavu ngumu na kutafuta laini.

Magazeti yalishangilia tofauti kati ya 135 na 35. Mimi nakwama kwenye 28. Vibarua wa mkataba kutoka India walikuwa na majina kwenye orodha ya reli, kwa hiyo kifo cha kila mmoja kiliacha nafasi tupu iliyoonekana. Mtu wa kijijini hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Patterson hakumficha, hakumhesabu tu. Kwa hiyo hata rekodi mashuhuri kuliko zote za kaunti hii, ile inayowaleta watalii kutoka Chicago waje kuuona mto ambako simba wa makumbusho yao walitoka, haikukamilika siku ilipoandikwa, na hakuna kemikali itakayoikamilisha kwa majina.

Simba hao walizaa rekodi nyingine ambayo watu wa Voi wenyewe ni nadra kuitaja. Filamu ya Bwana Devil, iliyotungwa kutokana na kisa chao na kuonyeshwa mwaka 1952, ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Marekani yenye rangi na picha za kina, zile za kutazamwa kwa miwani maalumu. Ilianzisha homa ya filamu za aina hiyo Hollywood. Kama sinema ilikuwa mbovu, na wengi waliokuwapo walisema ilikuwa mbovu, hilo halikuzuia foleni. Filamu nyingine kuhusu simba hao, ya 1996, yenye wachezaji wakubwa na muziki wa kutisha, ilipigwa Afrika Kusini.

Uwanda wa Yatta nitaupita haraka. Ukitoka Voi kuelekea mto Galana utauona kwa mbali kama ukuta ulionyooka, mweusi juu, usiokwisha. Ni lava iliyotiririka kutoka upande wa Ol Donyo Sabuk mamilioni ya miaka iliyopita, ikaganda katika bonde, kisha ardhi laini ya kando ikaliwa na mvua hata bonde likawa mlima. Urefu wake ni karibu kilomita 300. Vitabu vingi vya watalii vinasema ni mtiririko mrefu kuliko yote duniani, jambo ambalo wanajiolojia wa bonde la Columbia kule Marekani, wenye mitiririko ya zaidi ya kilomita 500, hawatalikubali. Tuseme ni mmojawapo wa mirefu kabisa, na kwamba hakuna mwingine unaopendeza hivi saa kumi na mbili jioni.

Mzima, upande wa Tsavo Magharibi, ni mahali pa kukaa zaidi. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu huzama katika majivu ya volkano, husafiri chini ya mawe, kisha huibuka Mzima ikiwa safi, takriban lita milioni 220 kwa siku. Viboko huonekana wakitembea chini ya maji hayo, na kuna chumba cha kioo kilichozamishwa ambamo mgeni huwatazama samaki wakimtazama. Mmoja wa watengenezaji filamu mashuhuri wa wanyama, Alan Root, aliifanya chemchemi hii ijulikane duniani. Tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likipeleka sehemu ya maji haya Mombasa, zaidi ya kilomita 200, likipita katika vijiji ambako akina mama bado wanabeba mitungi. Mgao wa mapato ya maji hayo ni hoja ya kila uchaguzi katika kaunti. Chemchemi ni kubwa kweli. Ila ukubwa wake huonekana zaidi bombani kuliko bilaurini mwa mtu wa Mwatate.

Kutoka Mwatate barabara hupinda na kupanda, hewa hubadilika, na ghafla mtu aliyevaa kwa ajili ya joto la Voi anatamani sweta. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika vilima vya Taita, kina mita 2,208. Si urefu wa kutisha. Rekodi za vilima hivi ni za udogo, na kwa maoni yangu ndizo bora kuliko zote za kaunti. Taita ni kipande pekee kilichoko Kenya cha mnyororo wa Milima ya Tao la Mashariki. Vingine vyote, Upare, Usambara, Uluguru, Udzungwa na wenzao, viko Tanzania. Misitu ya vilima hivi imekaa peke yake kwa muda mrefu mno, kila mmoja ukizungukwa na nyika kavu, hata viumbe vyake vikawa havifanani na vya popote. Iliyobaki ni midogo: Ngangao na Mbololo, inayosifika zaidi, kila mmoja ni wa hekta 200 hivi au pungufu. Humo wanaishi ndege ambao watu hupanda ndege nyingine kutoka mbali kuja kuwaona, kama mkesha wa Taita mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, na apalisi wa Taita, kidege cha kijivu kilicho miongoni mwa walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Mbololo kuna pia ua dogo la zambarau, jamaa wa yale yanayouzwa kwa mamilioni katika vyungu madirishani mwa Ulaya, na aina hii haioti porini popote pengine.

Bingwa wangu, hata hivyo, hana urembo wowote. Ni amfibia asiye na miguu, anayeishi udongoni, ambaye mkulima akimfukua kwa jembe humdhania mnyoo mkubwa au nyoka mchanga. Mmoja, wa kilima cha Sagalla, alipewa jina la kisayansi mwaka 2005 na watafiti ambao miongoni mwao alikuwamo Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Eneo lake lote duniani ni kilima hicho kimoja. Ndugu yake wa vilima vya Taita, Boulengerula taitanus, ndiye aliyeishangaza dunia mwaka 2006. Jarida la Nature lilichapisha ugunduzi kwamba mama wa aina hii huifanya ngozi yake ya nje iwe nene na yenye mafuta, na watoto wake, waliozaliwa na meno maalumu kwa kazi hiyo, huimenya na kuila. Mama hadhuriki, ngozi huota tena. Hakuna aliyekuwa ameeleza malezi ya namna hiyo kabla yake. Mabango ya Tsavo yamejaa simba, na huyu hana hata bango moja. Kama ningekuwa na kura katika bunge la kaunti, ningependekeza sanamu yake Wundanyi.

Mtu akiwa huku juu, jioni imeingia na ukungu umeshuka, swali la kinywaji haliwezi kukwepwa, na hapa nitaomba ruhusa kwenda Uhispania kidogo. Nchi hiyo ina eneo kubwa la mizabibu kuliko nchi yoyote duniani, zaidi ya hekta laki tisa, lakini kwa wingi wa mvinyo kwa kawaida huwa nyuma ya Italia na Ufaransa. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mizabibu yake iko katika nyanda kavu kama La Mancha, ambako miti hupandwa mbalimbali ili kila mmoja upate maji yake. Ukipima ardhi Mhispania ni wa kwanza. Ukipima mapipa ni wa tatu. Wazungu wamezoea kuyajua maeneo hayo kwa kusoma kwanza. Mwingereza Richard Ford alichapisha mwongozo wa wasafiri wa Uhispania mwaka 1845, usiosahau mvinyo, na tangu wakati huo vitabu vya aina hiyo havijakoma. Mtalii hufika La Rioja, mkoa wa kwanza kupewa daraja la juu kabisa la mvinyo nchini humo, mwaka 1991, akiwa ameshajua jina la kijiji, aina ya zabibu na hata rangi ya udongo. Kisha huonja, husukutua, na hutema ndooni. Kwa upande wetu mji wa mvinyo ni Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, rekodi ambayo Mhispania mwenye majira yake ya baridi hana namna ya kuifikia.

Taita haina mvinyo. Ina mbangara, pombe ya miwa. Haina lebo, haina mwaka, haina daraja, na hakuna aliyewahi kushindanisha ya kijiji hiki na ya kile isipokuwa walevi wenyewe. Lakini nayo ina kitabu chake, na ni kitabu kizuri kuliko vingi nilivyovitaja. Mwanaanthropolojia Grace Gredys Harris aliishi miongoni mwa Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1978 akachapisha Casting Out Anger. Kiini cha kitabu ni kutasa. Mtu hujaza kinywa pombe ya miwa, au maji ya miwa yasiyochacha, au hata maji matupu, kisha huyapuliza nje huku akitamka maneno ya heri. Hasira iliyofichwa moyoni, kwa imani hiyo, huweza kumdhuru mwana, ng'ombe au shamba. Anayetasa huitoa, aliyekosewa na aliyekosa wakapona pamoja. Mwonjaji wa La Rioja hutema ili asilewe. Mzee wa Kitaita alitema ili asimchukie nduguye. Sijui kitabu chochote cha mvinyo chenye matumizi bora zaidi ya kinywaji.

Kwa hiyo mgeni asiitafute mbangara baa. Dini nyingi za leo hazina urafiki nayo, na pombe za kienyeji zina historia ndefu ya kukimbizana na polisi, ingawa sheria ya 2010 ililegeza mambo. Hujitokeza mahali pake, hasa kwenye mazungumzo ya mahari, ambako wazee hukaa upande wao na mgeni hukaribishwa akiwa na mwenyeji. Akialikwa, ale kwanza kimanga, kile chakula kizito cha kuponda, ndipo ashike kibuyu.

Mawe ya kijani yana hadithi fupi kwa kuwa wengi wanaijua. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliyaona Tanzania mwaka 1967, akayapata tena upande wa Taita miaka michache baadaye, na mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ikayatangaza kwa jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo. Ni garneti ya kijani, adimu kuliko zumaridi kwa maelezo ya wauzaji, ambao nao wana sababu ya kusema hivyo. Jiwe kubwa kuliko yote yaliyosifika kwa uzuri, lenye karati 116.76 baada ya kukatwa, lilitoka Merelani, Tanzania, si Kenya. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 karibu na machimbo yake, katika mgogoro wa nani ana haki ya kuchimba. Vijana wenye nyundo na karai bado wako kwenye mashimo ya Kasigau na Mwatate.

Kutoka Mwatate kuelekea magharibi barabara ya lami ni mpya na imenyooka, na ardhi yote ni ya vita. Tarehe 15 Agosti 1914, vita vya Ulaya vikiwa havijafikisha majuma matatu, Wajerumani walivuka mpaka wakaiteka Taveta, wakakaa humo hadi Machi 1916. Hakuna mji mwingine wa Kenya ulioshikwa na adui muda huo wote. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau ili kuwatoa, na tarehe 12 Februari 1916 wakaishambulia Salaita, kilima ambacho leo dereva wa bodaboda hukipita bila kukitazama, wakashindwa vibaya. Katika makaburi ya Voi amelala Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyekataa kuwaacha majeruhi wake karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 na kuuawa pamoja nao. Alipewa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kuliko zote za Uingereza kwa ushujaa vitani. Anayetaka ramani na picha asome Guerrillas of Tsavo cha James Willson. Anayetaka riwaya achukue An Ice-Cream War ya William Boyd, iliyotoka mwaka 1982, inayoanzia kwenye mashamba ya mpakani hapa hapa, na inayochekesha hadi inapoacha kuchekesha.

Kaburi la Dartnell lina jina, tarehe na nyasi zilizokatwa. Wapagazi waliobeba risasi na unga wa majeshi yale, Waafrika kwa maelfu, hawana. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, na kwamba uamuzi ulikuwa wa makusudi.

Juu ya kilima nje ya Taveta kuna nyumba ya ajabu yenye matao, iliyojengwa miaka ya 1930 na Ewart Grogan, aliyekuwa na mashamba ya mkonge huku. Grogan ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kutembea kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoimaliza mwaka 1900 na kuiandikia kitabu mwaka huo huo. Wanaomsifu husema alifanya hivyo kumpata mchumba. Ni yeye huyo aliyewachapa viboko Waafrika hadharani Nairobi mwaka 1907. Nyumba inafaa kutembelewa kwa sababu ya upepo na mandhari, maana Kilimanjaro iko mbele na ziwa Jipe liko kusini.

Mwisho wa njia ni Chala, ziwa lililojaa ndani ya kreta, nusu Kenya na nusu Tanzania, lenye kina cha zaidi ya mita 90. Hakuna mto mkubwa unaoingia wala kutoka. Maji huja kwa chini kutoka mlimani na kwa chini huondoka kwenda kunywesha migomba ya Taveta. Mwaka 2016 wanasayansi walitia mtambo katikati yake wakatoboa tope la sakafuni hadi mita 215. Tabaka hizo zinahifadhi habari za mvua na ukame wa Afrika Mashariki kwa takriban miaka 250,000, bila kukatika. Sehemu chache sana za tropiki zina kumbukumbu ndefu hivyo. Humo humo huishi perege wa Chala, asiyepatikana katika ziwa jingine lolote. Mamba pia wamo, na mwaka 2002 walimuua mgeni aliyeingia kuogelea, kwa hiyo maji ni ya kutazamwa. Njia ya kushuka hadi ukingoni ni ya mawe makali. Vaa viatu vya kufunga, na mlipe kijana anayekuongoza kabla ya kuanza kupanda, maana ukifika juu hutakuwa na pumzi ya kuhesabu noti.